Shajara ya mradi wa stoo: mwaka wa kwanza katika shule ya kutwa, Temeke

Januari, shule zinafunguliwa

Mradi wa unasihi, yaani kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida, umeanza. Shule ni ya sekondari, ya serikali, ya kutwa, upande wa Temeke. Jina lake silitaji, wala la mtu yeyote. Visa vya wanafunzi nimevichanganya kusudi, nikabadili jinsia hapa na kidato pale, asije mtoto akajisoma humu au jirani yake akamtambua. Fedha ni michango ya wahitimu wa shule hiyo, nazo si nyingi: nauli yangu, viti vinne vya plastiki, feni, rangi, kufuli na karatasi. Mchangiaji mmoja alitaka tuanze na kongamano, fulana na mgeni rasmi. Nimemwandikia kwa heshima zote kwamba fulana zisubiri.

Chumba tulichopewa ni stoo ya madawati mabovu, kati ya maktaba na maabara. Nimekipenda kwa sababu mwanafunzi akionekana anaelekea upande huo, hakuna anayejua anakwenda wapi. Vyumba vingi vya unasihi nilivyowahi kuviona vinapakana na ofisi ya mkuu na vina kibao mlangoni. Ukiingia tu, shule nzima imeshajua una jambo. Hapa hapatawekwa kibao. Dirisha nalo halitawekwa pazia: anayepita aone watu wawili wamekaa, ila asisikie wanachosema. Hiyo ni kinga ya mtoto na kinga ya anayemsikiliza.

Nilichokikuta ofisini kimenifikirisha kuliko chumba. Mwalimu wa malezi na unasihi ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Mezani kwake kuna mwongozo wa unasihi, chini yake kitabu cha adhabu, na fimbo imeegemea kabati. Hakujipangia yeye, alikabidhiwa vyote viwili siku moja, juu ya vipindi vyake vya Jiografia. Nikamuuliza mwaka jana ni wangapi walikuja kwake kwa hiari kueleza shida. Akacheka. "Kwa hiari? Labda aliyekuwa anatafuta maktaba akapotea."

Februari

Ombi letu kwenye kikao cha walimu lilikuwa fupi: anayesikiliza asiwe anayeadhibu. Kikao chenyewe ndicho kilichokuwa kirefu. Hoja za wapinzani hazikuwa za kijinga. Walimu ni wachache na kila mmoja ana majukumu matatu kichwani. Ukimtoa mmoja kwenye zamu, wenzake wanabeba. Mwalimu mwingine alisema mtoto akishajua kuna pa kwenda kulia, kila kosa litaishia kwenye machozi. Nikajibu kwamba hatuondoi adhabu, tunatenganisha milango. Na kwa kuwa adhabu ilishatajwa, nikasoma kanuni za viboko za mwaka 2002: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kukawa kimya. Kisha mmoja akauliza, "Kwa maandishi?" Mkuu akasema tuendelee na ajenda.

Hata hivyo tulipata tulichoomba. Madam wa Biolojia amekubali kuwa mnasihi, ameondolewa zamu ya getini na hatahusika na adhabu ya aina yoyote. Mwalimu wa Jiografia amebaki na nidhamu peke yake. Nadhani ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Mimi na Madam tumekubaliana maneno ya kufungulia mazungumzo, na yatasemwa kila mara kabla mtoto hajaanza kueleza. Unayosema hapa hayatoki, isipokuwa kuna mtu anakudhuru, au unafikiria kujidhuru, au unataka kumdhuru mwingine. Hapo tutamwambia mtu wa kusaidia, na tutakueleza wewe kwanza ni nani huyo. Hatuwezi kuahidi siri isiyo na mwisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18, yaani karibu shule yetu nzima.

Lilizuka suala la dodoso. Mhitimu mmoja anayesomea afya ya jamii alishauri tuwapime wanafunzi wote kwa lile la maswali 25 kuhusu hisia na tabia za watoto alilolitunga Robert Goodman mwaka 1997, ambalo lipo kwa Kiswahili. Ni chombo kizuri. Nimekataa kulitumia kwa shule nzima. Ukishampima mtoto ukaona ana hali mbaya, unadaiwa, na hatuna mahali pa kuwapeleka wote tutakaowagundua kwa mkupuo. Madam atakuwa nalo kwenye droo kwa ajili ya mmoja mmoja. Limemsaidia tayari kwa jambo moja: miongoni mwa maswali yake lipo la kuumwa kichwa na tumbo mara kwa mara. Wasichana wanaolala chumba cha huduma ya kwanza kila Jumatatu na kupewa panadoli sasa wanaulizwa na maswali mengine.

Kidato cha kwanza kina shida yake. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, Januari wanaamka kila somo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaongoza kwao Mbagala sasa haelewi hata swali, hawezi kuomba lirudiwe, na kwenye ukuta kuna tangazo la kuamuru Kiingereza tu. Walimu wanawaita wazembe. Waliofika stoo hadi sasa, wengi ni hawa, na wanachotaka kwanza ni kuongea. Kwa Kiswahili, bila shaka. Tangazo lile halihusu stoo, nimehakikisha.

Machi

Tulitaka waelimishaji rika, wanafunzi ambao wenzao wanawaamini. Kuwachagua kupitia walimu kungetuletea viranja watupu. Tukapita madarasani na vikaratasi: ukiwa na jambo linalokusumbua, hapa shuleni ungemwambia nani? Mtu yeyote aliye ndani ya uzio, na usiandike jina lako wewe.

Wanafunzi tuliwapata, wa kutosha. Ila jina lililojirudia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne lilikuwa la mama wa kantini. La pili lilikuwa la mlinzi wa getini. Walimu walicheka, isipokuwa mmoja aliyenuna kwa kuwa hakuandikwa popote.

Sikuona la kuchekesha. Mwaka 2006, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kina bibi wa kitongoji cha Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na kina bibi walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshavuka hadi Zanzibar. Kwa hiyo nilikwenda kantini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa kodi ya kibanda?"

Nikamweleza. Akasema yeye ushauri haujui, anachojua ni nani anakula na nani hali. Akaendelea kugeuza maandazi. "Yupo mmoja kila siku anakuja kuniuliza andazi bei gani. Bei anaijua tangu mwaka jana."

Hilo la chakula limenifanya nirudi nyuma kidogo. Wazazi wanachangia chakula cha mchana; ambao hawajachanga, watoto wao husubiri nyuma ya maabara mpaka wenzao wamalize. Hawafukuzwi. Wanajiondoa wenyewe ili wasionekane wametazama sahani ya mtu. Halafu kipindi cha saa nane mwalimu anashangaa huyu kasinzia, yule kamtukana jirani yake. Nimeandika kwenye daftari la mradi kwamba njaa iingie kwenye orodha ya mambo ya stoo, sawa na msiba au kipigo. Bodi ya shule imekubali majina ya wasiochanga yasisomwe tena hadharani, na mama wa kantini ataanza kutoa uji kwa kikaratasi kisicho na jina; mradi utamlipa mwisho wa wiki. Fedha ya feni imeishia hapo. Dirisha liko wazi, tutavumilia.

Aprili

Masika. Mitaa ya ndani Mbagala imejaa maji, mahudhurio yamepungua, na mafunzo yetu yameahirishwa mara mbili kabla hayajafanyika.

Tulikaa pamoja: waelimishaji rika, Madam, matroni, mama wa kantini, mlinzi na walimu watatu waliojitolea. Tulifuata mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, ambao kiini chake ni vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Wanafunzi walielewa haraka. Walimu ndio waliopata shida kwenye kusikiliza. Mwalimu amezoea mtu akinyamaza ndipo yeye aanze kueleza. Zoezi la kukaa dakika tatu bila kushauri lilimshinda mmoja hadi akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia.

Mlinzi alitoa mchango niliouandika neno kwa neno: "Mimi nawaona saa wanapoingia na saa wanapotoka. Asiyetaka kutoka ndiye wa kumtazama." Ni kweli. Kuna watoto shule ikifungwa wanazungukazunguka mpaka magharibi. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wa nchi hii walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walipata ukatili wa kingono. Walimu walipoyasikia hayo waliacha kuchezea simu.

Tulitumia muda mrefu kwa swali moja: ukihisi mwanafunzi anawaza kujiua, umuulize wazi? Wengi waliona ni kumfundisha. Sivyo, kumuuliza kwa upole na bila kuzunguka hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi kunampa nafuu kwamba kuna mtu ameliona. Ukishauliza, humwachi peke yake, unaondoa cha kujidhuru kilicho karibu, unamwita Madam. Mwanafunzi hatakiwi kubeba siri ya namna hiyo hata kama aliapishwa. Hili tumelirudia mpaka waelimishaji rika wakalisema wenyewe.

Sanduku la maoni limehamishwa. Lilikuwa nje ya ofisi ya mkuu na ufunguo alikuwa nao yeye. Ndani tulikuta buibui na tiketi ya daladala. Sasa liko mlangoni mwa maktaba, funguo anazo Madam na matroni.

Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, imechorwa ukutani kwa rangi ya buluu karibu na mabomba ya maji. Wavulana wawili wa kidato cha tatu wenye mkono mzuri ndio waliochora.

Mei

Mwezi huu niliutumia getini.

Kila asubuhi waliochelewa wanapigishwa magoti kwenye kokoto, kisha fimbo, kisha kufagia. Nilimwomba mwalimu wa Jiografia tufanye jaribio: kabla ya adhabu, kila aliyechelewa aandike kwenye daftari anakotoka, saa aliyoamka na kilichomchelewesha. Alikubali kwa masharti kwamba waongo atawachapa yeye mwenyewe.

Daftari hilo linasomeka kwa uchungu. Kuna wanaotoka Chanika na wengine Kongowe. Wanaamka saa kumi alfajiri, wanachota maji, wanawaandaa wadogo zao, saa kumi na moja wako kituoni. Konda akiona sare anaziba mlango kwa mkono: denti mwisho wawili. Hesabu yake inaeleweka, nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 na kiti ni kilekile. Mabasi matano yanapita. Hapo ndipo anapotokea wa bodaboda: panda, utalipa siku nyingine. Wasichana waliliandika hilo kwa kifupi sana, "nilipewa lifti", na Madam amewaita mmoja mmoja, kwa sababu deni la lifti lina namna yake ya kudaiwa.

Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Anayelala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo na kumaliza kazi za shule, akaamka saa kumi, amepata usingizi wa saa tano tu. Mfululizo, wiki nzima, miezi. Usingizi ukipungua kiasi hicho hasira zinakuwa karibu, kumbukumbu inateleza, na huzuni ndogo inakaa muda mrefu. Kisha siku inaanza kwa magoti kwenye kokoto. Mtu hahitaji shahada kuona kwamba nusu ya kazi ya stoo inatengenezwa getini.

Mwalimu wa Jiografia alilichukua daftari akaenda nalo nyumbani. Jumatatu iliyofuata kokoto hazikutumika. Wanaotoka mbali wamepewa kadi, wakifika kabla ya saa mbili na robo wanaingia moja kwa moja darasani. Wanaochelewa wakiwa wanakaa mtaa wa pili wanaendelea kufagia, na sina neno hapo.

Juni

Likizo. Nilikaa na walimu tu, kwa chai. Nilitaka kuzungumzia wanafunzi, wao wakazungumzia mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Wawili wameacha kadi zao za benki kwa wakopeshaji. Mwalimu anayedaiwa hivyo anaingia darasani na nini? Mradi hauna fungu la hilo. Nimemwomba afisa wa chama cha kuweka na kukopa aje kuzungumza nao Julai.

Julai

Paredi ya kusoma matokeo ya muhula wa kwanza. Desturi ya hapa ni kusoma kumi bora, makofi, kisha kumi wa mwisho, nao wanatoka mbele. Niliwatazama walimu badala ya wanafunzi. Baadhi walikuwa wanaangalia chini.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora wakati wa kutoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023. Nililitaja hilo kwa mwalimu wa taaluma, akasema baraza liko mbali, yeye ana wastani wa shule wa kupandisha. Nikamwomba aniletee majina ya kumi wa mwisho wa mihula mitatu iliyopita. Akaleta, tukayalinganisha. Ni walewale, isipokuwa walioacha shule. Kama kuwatoa mbele kungewapandisha, wangeshapanda. Hakujibu, ila ameomba tuandae mpango: kumi wa mwisho wakutane na mwalimu wa darasa kila mmoja peke yake, na paredi isome walioongeza alama nyingi zaidi kuliko muhula uliopita. Nimeona na wa mkiani mmoja akitajwa hapo, kwa sababu kutoka 9 kwenda 27 ni kuongeza kweli.

Agosti

Ijumaa, saa nne na nusu, msichana wa kidato cha pili alianguka darasani akipiga kelele. Wakati matroni anafika, walikuwa watatu. Kufikia mchana walikuwa wengi, wamelazwa uwanjani, na nusu ya shule imewazunguka. Wazazi waliokuja walikuwa na majibu tayari: mashetani, tena ya kutumwa, na mti wa mkwaju nyuma ya vyoo ukatwe.

Tanzania ina historia ndefu ya mambo haya. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ilienea kwa wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa katikati ya Machi, na waliporudishwa makwao vijiji vingine vikaambukizwa. Madaktari Rankin na Philip waliliandika mwaka uliofuata. Hawakuona sumu wala kijidudu. Kicheko kile hakikuwa cha furaha, kiliandamana na kilio na woga. Mtu akielezwa kwamba mwili unaweza kubeba hofu ya kundi zima anadhani unamwambia anaigiza. Hawa hawaigizi. Aliyeanguka ameanguka.

Tulichofanya: tuliwaondoa watazamaji kwanza. Kengele ililia, kila darasa na mwalimu wake, kipindi kikaendelea kama kawaida. Walioanguka waligawanywa wawiliwawili vyumba tofauti, mtu mmoja mtulivu kila chumba, maji, dirisha wazi, hakuna kupiga kelele wala kubana mikono. Muuguzi wa zahanati alikuja kuwapima homa na malaria, akauliza nani amekula. Mmoja ana kifafa kinachojulikana na dawa zilikuwa zimemwishia, huyo alipelekwa hospitali. Jumamosi tulikaa na imamu na mchungaji wa mtaa. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, lakini imamu alitangulia: "Dua haihitaji uwanja wa mpira." Wakakubaliana kwamba mzazi anayetaka kumwombea mwanawe afanye hivyo nyumbani au kwenye nyumba ya ibada, na shuleni pasiwe na mkusanyiko. Mkwaju haukukatwa.

Jumatatu Madam alikaa na wasichana wa darasa lile, wachache wachache. Lilijitokeza jambo lililokuwa mbele ya macho yetu. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ni Novemba, anayeshindwa hurudia kidato, na wiki ile waliambiwa kwamba watakaa kambi ya masomo hadi jioni, wasiofanya vizuri wataitiwa wazazi. Aliyeanza kuanguka ndiye baba yake alisema akirudia darasa hatasomeshwa tena. Kambi imepunguzwa saa. Hajaanguka mtu tangu hapo.

Septemba

Mkutano wa wazazi, Jumamosi. Nilipewa dakika kumi. Nilisema kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Mzazi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtoto wa kidato cha pili ana mawazo gani? Analipa kodi ya nyumba?" Ukumbi ulicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu swali lilikuwa limekaa vizuri.

Aliyejibu hakuwa mimi. Bibi mmoja anayelea wajukuu alisimama. "Wangu alinyamaza mwaka mzima tangu mama yake afariki. Nilidhani ana adabu." Akakaa. Baada ya mkutano wazazi walipanga foleni ndefu nje ya stoo kuliko wanafunzi walivyowahi kupanga.

Oktoba

Tarehe 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Fulana zimefika hatimaye, mchangiaji amefurahi. Ni za kijani.

Wavulana ndio waliokuwa wagumu mwaka mzima. Hawaji, na wakija wanasema wamemsindikiza rafiki. Tangu Julai yale madawati mabovu yaliyobaki kwenye kona ya stoo tumeanza kuyatengeneza kila Alhamisi, na fundi mstaafu wa jirani anasimamia. Mvulana akishika msumari na kuinamia ubao, macho yake hayakutani na ya mtu, na hapo anaweza kusema kwamba baba amehama nyumbani, au kwamba anavuta bangi kila siku na hataki tena. Fundi hashauri. Anasema "lete randa", ananyamaza, kijana anaendelea. Kisha fundi anamuuliza kama tumwambie Madam. Madawati yaliyopona yamerudi darasani, na mwalimu wa taaluma anadhani hicho ndicho kiini cha mradi.

Kidato cha nne wako ukingoni. Tumewaomba walimu mambo machache tu: ratiba ya mtihani ibandikwe mapema, mapitio ya usiku yaishe saa tatu, na asiwepo wa kuwaambia kwamba sifuri ni mwisho wa maisha.

Novemba

Mitihani. Stoo imefungwa mchana, inafunguliwa jioni.

Kesi mbili za rufaa mwezi huu. Moja ilikwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Mama alikubali baada ya Madam kumsindikiza mwenyewe, na foleni ilikula siku nzima. Nyingine siielezi, ila niandike funzo la kazi: katika ukatili wa kingono saa 72 za mwanzo ndizo za dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kwa hiyo hospitali na afisa ustawi wa jamii huarifiwa siku hiyo hiyo, na vikao vya familia havitangulii. Namba za afisa ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hospitali sasa ziko ndani ya mlango wa kabati, zimeandikwa kwa herufi kubwa.

Desemba, shule zinafungwa

Barua ya uhamisho wa Madam imetoka. Anakwenda halmashauri nyingine kuanzia Januari. Hakuna aliyekosea, ndivyo utumishi ulivyo.

Makabidhiano yamechukua wiki mbili. Madam amemwita kila mwanafunzi ambaye mambo yake hayajaisha, akamwambia mwenyewe kwamba anaondoka, akamuuliza angependa nani aendelee naye na nini aelezwe huyo mtu. Wasiotaka maandishi yao yakabidhiwe, yamechomwa mbele yao. Kadhaa walimtaja mama wa kantini. Ataendelea kuwasikiliza kama zamani, lakini rufaa lazima iwe mikononi mwa mwalimu. Mwalimu kijana wa Kiswahili ameomba nafasi hiyo. Amekwisha kuondolewa zamu ya adhabu, kwa maandishi safari hii.

Ya Januari: kidato cha kwanza wapokewe na waelimishaji rika wiki ya kwanza, kadi za wanaotoka mbali zichapishwe upya, uji uendelee. Na zabuni ya kantini inatangazwa upya mwakani. Mkuu anasema zabuni ni zabuni, mama aombe kama wengine. Nimependekeza kwa bodi ya shule kwamba kigezo kimoja kiwe kuwafahamu wanafunzi na kushiriki mafunzo ya mradi. Wameniambia nilete barua. Nimeipeleka leo, nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa kupokelewa.